Katambuga Zangu Chini ya Pikapu ya Mama Koku

Kisu kiweke chini kwanza, kijana. Najua unakitamani. Pikapu imesimama mbele yako, raba mpya inanukia, mwenye gari amekaa kwenye benchi anatikisa mguu, na mkono wako unawasha. Usikate! Mimi nimekata raba za matope hapa Mwanza kwa miaka mingi kuliko umri wako, mgongo umenipinda kwa kuinama nyuma ya magurudumu, na nakwambia usikate mpaka nimalize kusimulia.

Raba za matope ni zile zinazoning'inia nyuma ya gurudumu ili tope lisiruke. Kuna watu wanaziita madigadi. Madigadi ni bati lenyewe, jamani, raba ni sketi yake! Mkinichanganyia hayo mawili nakasirika, na mimi nikikasirika mnanijua.

Sikuanza na raba. Nilikuwa fundi wa mikanda kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, ile mikanda mipana inayozungusha mashine. Mmoja ukikatika, naitwa mimi, Masalu, naunga, mashine inalia tena. Halafu ikaja biashara huria, wanunuzi wa pamba wakawa wengi kama inzi, na kiwanda chetu kikazidi kudhoofika hadi tukapunguzwa. Siku ya kuondoka tuliruhusiwa kila mtu achukue kitu kimoja kwenye rundo la vitu chakavu. Wenzangu waligombania mabati. Mimi nikachukua mkanda wa zamani uliokunjwa duara, nikaufunga kwenye baiskeli na kuusukuma hadi nyumbani. Mke wangu alitoka, akauzunguka mara mbili, akaniuliza, "Baba Nyanzala, huu tunauchemsha au tunaukaanga?"

Nilimwambia atulie. Ukweli ni kwamba hata mimi nilikuwa sijui naupeleka wapi.

Aliyejua ni Mzee Kulwa. Huyu alikuwa mshona katambuga, vile viatu vya matairi, nyuma ya stendi pale Nyamagana. Mwembamba, mkali, anacheka bila kutoa sauti, mabega tu yanaruka. Nilimpelekea kipande cha mkanda nikidhani atanunua. Akakikunja, akakinusa, akakipiga kwenye goti.

"Hiki kigumu kwa mguu wa mtu," akasema. "Lakini hebu angalia nje. Unaona nini?"

"Watu, mzee."

"Aa! Nimekwambia watu? Tazama magari!"

Ndugu zangu, ilikuwa kama mtu amefungua bomba! Miaka michache tu kabla ya hapo ungeweza kukaa pale ukalitaja kila gari na mwenye gari. Sasa pikapu zilizotumika ng'ambo zinashuka, kila wiki unaona sura mpya: nyekundu, nyeupe, ya bluu yenye maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo hakuna anayethubutu kuyafuta, maana ndiyo ushahidi kwamba gari limetoka mbali. Wafanyabiashara wa sangara, wa pamba, wa mitumba, wote wanataka pikapu. Na zote zinakuja na raba fupi, laini, za nchi yenye lami. Mvua moja ya Misungwi, kwisha!

"Wakatie sketi," Mzee Kulwa akasema. Basi nikahamia kwenye kibanda chake, yeye upande huu na viatu, mimi upande ule na raba.

Alinifundisha mambo ambayo nanyi nawapa bure. Kisu cha kukatia raba hulowekwa kwenye maji ya sabuni, kikiwa kikavu kinang'ang'ania na kukuchania kidole. Kona usiziache kali, zungushia, kwa sababu mpasuko hupenda kuanzia kwenye kona. Tundu usilichome kwa nondo ya moto, ukichoma, ukingo wake unakauka na kupasuka, litoboe kwa patasi. Na bolti usiiache ikae yenyewe kwenye raba, iwekee kipande kipana mbele na nyuma ili ikamate. Kila nikisahau alinipiga na soli ya katambuga mgongoni. Mtu mzima, nina watoto watatu, napigwa na soli!

Na mapambo sasa! Hapo ndipo nilipopatwa na wazimu. Niligundua kwamba ukisugua raba kwa msasa na kuipangusa kwa petroli, rangi ya mafuta inashika. Nikaanza kuchora. Mfuga ng'ombe mmoja wa Usagara alitaka fahali wake aliyekufa achorwe upande wa kulia, na upande wa kushoto achorwe fahali yuleyule, akitazama huku. Mwingine alitaka raba zifike chini kabisa, zifagie barabara, watu wakisikia ule mchakacho wajue yeye anapita. Nilimpa! Nilimpa kila mtu alichotaka, na chini kabisa, kwa herufi nyeupe, nikaandika: FUNDI MASALU, MWANZA. Mji mzima ulikuwa unatembea na jina langu nyuma. Nilikuwa nikisimama kando ya barabara nalisoma kwa sauti, peke yangu, kama mwehu.

Mzee Kulwa alikuwa anatazama tu, mabega yanaruka.

Sasa Mama Koku. Sogeeni.

Mama Koku alikuwa Mhaya wa Bukoba, mjane, aliyekuwa karani katika duka kubwa la serikali mpaka lilipofungwa. Kiinua mgongo alichopata alikimimina chote kwenye pikapu moja, kuukuu, yenye bodi la mbao lililoungwa mtaani, refu nyuma kupita magurudumu. Akaajiri dereva, Magesa, Mjita mwenye sauti ya tarumbeta. Kazi yake ya uhakika ilikuwa moja tu: kupeleka unga wa ngano kwa masista wa Busisi, ng'ambo ya kivuko, waliokuwa na tanuri la mikate ya shule yao. Unga kwenye magunia meupe ya kitambaa.

Alifika kibandani asubuhi moja, hakukaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, fundi. Njoo uone aibu yangu."

Akafunua turubai. Lo! Magunia ya juu yalikuwa meupe, ya chini yalikuwa na madoa mekundu, mengine yamelowa hadi unga umegeuka bonge. Turubai linafunika juu, lakini tope lilitokea chini: gurudumu linalirusha kwenye ule ubao uliozidi nyuma, linapenya kwenye nyufa, linaingia kwenye gunia.

"Sista amerudisha haya," akasema. "Amesema safari ya Jumatatu ndiyo ya mwisho ya kuniangalia. Likija gunia moja chafu, anatafuta gari jingine. Na mimi, fundi wangu, waitu, nikikosa masista gari hili naliuza. Sina kazi nyingine ya kulilisha. Nikiliuza, Koku anarudi nyumbani kwa kukosa ada. Sitaki pambo. Nataka tope likae chini barabarani, ndiko kwao."

Mmesikia? Mwanamke alisema hataki pambo. Mimi nilisikia pia. Lakini kichwani nilikuwa nimeshaona mkungu wa ndizi! Mhaya, pikapu, mkungu wa ndizi, pande zote mbili, rangi ya kijani, jina lake juu kwa mviringo, na langu chini. Nikapima. Mkungu ukaenea. Jina lake likaenea. Langu halikuenea. Nikaongeza urefu, shibiri nzima, ili mimi nipate pa kukaa.

Nilipima lile gari likiwa tupu, limesimama juu juu kama kuku mwenye miguu mirefu. Raba zikaishia vizuri kabisa, ngumi moja kutoka chini. Nikarudi nyuma kutazama. Mkungu, kusema kweli, ulifanana na mkono wa mtu mwenye vidole ishirini, lakini mimi niliuona mzuri kupindukia.

Mzee Kulwa akatoka, akainama, akachungulia.

"Umelipima likiwa na njaa," akasema.

"Nini, mzee?"

"Gari. Lina njaa hilo. Likishiba litakaa chini. Utazipeleka wapi hizo sketi?"

Nikamwambia zitakunjika kidogo tu, raba ni raba. Nilimjibu hivyo mtu aliyenifundisha kushika kisu! Alinitazama, akaingia ndani. Hata soli hakunipiga. Ndugu zangu, mwalimu akiacha kukupiga ogopeni.

Jumatatu nilijialika kwenye safari. Niliwaambia nataka kuhakikisha bolti zimekaza. Uongo! Nilitaka watu wa kivukoni wazione raba zangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mama Koku na Magesa mbele, mimi nyuma juu ya turubai, katambuga mpya miguuni, alizonishonea Mzee Kulwa mwenyewe. Lami ya kwenda Usagara tuliimaliza vizuri. Tulipokata kona kuingia barabara ya vumbi, ambayo siku hiyo ilikuwa tope tupu, nikaanza kusikia: kwaruu, kwaruu, kwaruu. Gari limeshiba. Sketi zinaburuzwa. Nikajiambia ndiyo mtindo.

Tukafika Kigongo, panapopandiwa kivuko. Foleni fupi, kivuko kipo, wanatuita. Magesa akapandisha magurudumu ya mbele kwenye ule ulimi wa kivuko, lile bati pana linaloshushwa magari yapite. Mara mfanyakazi wa kivuko akapiga filimbi.

"Pikapu rudi nyuma! Lori kwanza!"

Magesa akaingiza gia ya kurudi.

Vijana, sikilizeni vizuri, hapa ndipo ilipo kazi yote. Gari likienda mbele, raba ndefu inaburuzwa tu. Likirudi nyuma, gurudumu linaikanyaga. Likiikanyaga, linaimeza. Nilisikia mlio ambao sijausahau, kama nguo ya sikukuu ikichanika kanisani. Raba ya kushoto iling'oka na bolti zake zote, bati la madigadi likapinda likakaa juu ya tairi, na pikapu ikasimama hapohapo kwenye ulimi, haiendi mbele hairudi nyuma, lori linapiga honi, basi linapiga honi, na watu wote wa Kigongo wametoka kutazama jina langu kwenye tope.

"Fundi Masalu ni nani?" mmoja akauliza, akilisoma.

Nikajifanya natafuta mpini wa jeki.

Mama Koku alishuka. Hakupiga kelele, na hilo lilinikata zaidi. Alitazama raba, akatazama magunia, akanitazama mimi. "Sista anafunga ghala kengele ya mchana ikilia," akasema. "Kivuko hiki kikituacha, basi, tumekwisha." Nilitamani ziwa linimeze na kisu changu.

Lakini kisu ninacho! Nililirukia lile bati kwa mpini wa jeki, Magesa akavuta, abiria wanne wakashuka kwenye basi wakavuta na sisi, moja, mbili, tatu, likainuka! Gari likasogea kando, nikaiokota raba na bolti zake, lori likapita, basi likapita, na mwenye filimbi anainua mkono kufunga. Mama Koku akamshika ule mkono. Sijui alimwambia nini, nilisikia tu "mwanangu, mwanangu." Tukaingia wa mwisho kabisa, mkia wa gari unakaribia kugusa maji.

Sasa nikainama. Na pale, magoti kwenye bati la kivuko, nikakiona kile ambacho Mzee Kulwa alikiona akiwa amesimama. Gari limeshiba, limekaa sawa, sakafu bapa. Hiki ndicho kipimo! Sijawahi kupata kipimo kizuri hivyo maishani. Nikaweka ngumi mbili, moja juu ya nyingine, kutoka chini kwenda juu, nikachora mstari kwa ukucha.

Mstari uliliacha jina langu lote upande wa chini.

"Sabuni!" nikapiga kelele. "Nani ana sabuni?" Mama mmoja mwenye kapu akanikatia kipande cha mche wake. Nikachovya kisu kwenye kopo la maji ya ziwa, nikakata. Kulia kwanza: FUNDI MASALU ikaanguka. Kushoto: FUNDI MASALU ikaanguka. Abiria wakashangilia kama mpirani, mmoja akavitupa vile vipande majini kabla sijasema kitu. Sawa! Viende!

Raba ya kushoto ilikuwa imechanika juu, nikakata pale palipochanika, bado urefu ukatosha. Lakini bati la madigadi lilikuwa na matundu makubwa sasa, bolti zinapenya moja kwa moja. Nahitaji kipande kipana, mbele na nyuma, ili kikamate. Nikatazama huku na huku. Mbao? Hakuna. Bati? Hakuna. Ng'ambo ya Busisi inakuja, miti naiona mmoja mmoja. Magesa ananguruma juu ya kichwa changu, "Fundi, fanya! Fundi, tunafika!"

Nikaiona miguu yangu.

Katambuga! Raba ya tairi la lori, nene, na pembeni ina matundu tayari, yale ya kupitishia mikanda! Nikavua, nikakata mikanda, kiatu kimoja mbele ya bati, kimoja nyuma, raba ikabanwa katikati kama nyama kwenye mkate. Bolti zikapita kwenye matundu ya Mzee Kulwa kana kwamba aliyatoboa kwa ajili ya siku hiyo. Nikakaza nati ya mwisho ulimi wa kivuko ukigusa Busisi. Loo! Nilipiga yowe, na kivuko kizima kikapiga yowe!

Mbele kulikuwa na dimbwi, chini ya kilima, pana, jekundu, limetanda barabara nzima. Magesa akataka kupunguza. Nikapiga paa la gari kwa ngumi. "Usipunguze! Pita! Nataka kuona!" Akapita. Nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma, kichwa kimening'inia nje, natazama. Tope likaruka, likapiga raba, pwaa! likarudi chini. Pwaa! Likarudi chini. Nilicheka hadi tope la gari lililopishana nasi likaniingia mdomoni.

Tulifika kengele haijalia. Sista mwenye ghala alikuwa mama mfupi wa makamo, miwani, funguo kiunoni.

"Tumsifu Yesu Kristo," Mama Koku akasema.

"Milele, amina. Anzeni na ya chini."

Ya chini! Magesa na mimi tukavuta gunia la chini kabisa, la nyuma kabisa, upande wa kushoto. Sista akalizunguka. Akapitisha kiganja, akakitazama kiganja. Akaligeuza. Akasema la pili. La tatu. Mama Koku alikuwa ameshika rozari mfukoni, naona vidole vinatembea. Hatimaye Sista akainua macho, akaangalia sakafu yake ya saruji, iliyosuguliwa, na alama za miguu mikubwa yenye tope kutoka mlangoni hadi pale niliposimama pekupeku.

"Magunia ni safi," akasema. "Fundi ndiye mchafu. Viatu vyako viko wapi?"

"Viko chini ya gari, Sista."

Akadhani natania. Akatoka, akainama na miwani yake, akachungulia, akakaa huko muda. Alipoinuka alikuwa anacheka hadi funguo zinalia. "Mama Koku," akasema, "wiki ijayo uje na huyu. Nina mlango wa tanuri unaohitaji mtu wa namna hii." Hapo Mama Koku akaketi juu ya gunia la unga, akajifunika uso kwa kanga, akalia na kucheka kwa pamoja. Na mimi nikalia, sifichi. Magesa akatuambia tupakue kwanza, tutalia njiani.

Jioni nilimsimulia Mzee Kulwa kila kitu, hata ule uongo wa bolti. Alisikiliza akishona. Kisha akatoa soli, akanipiga nayo mgongoni, moja tu, ya nguvu. Sijawahi kufurahi kupigwa kama siku ile.

Tangu hapo hakuna gari lililokatwa raba kwangu likiwa tupu. Mwenye gari akija bila mzigo, tunampakia mchanga. Mchanga ukikosekana tunapakia watu: wapiga debe, wauza karanga, siku moja kwaya nzima iliyokuwa inapita kwenda harusini, wakakaa nyuma wakiimba huku nimelala chini napima. Ngumi mbili. Na jina sijaandika tena. Wateja huniuliza watanitambuaje. Nawaambia wakiliona gari limejaa mpaka juu na bado kuna mwanga wa ngumi mbili chini ya raba, hilo limepita kwangu.

Mama Koku aliendelea na masista miaka mingi. Koku alimaliza shule, akawa mwalimu. Nilimwambia mara kadhaa alete gari nibadilishe vile viatu niweke kitu cha maana. Alikuwa anakataa, anasema gari halijalalamika. Alipoiuza ile pikapu kununua lori, alimwambia mnunuzi asubiri kidogo. Akaja kibandani, mtu mzima na heshima zake, amebeba mfuko wa rambo. Mzee Kulwa alikuwa ameshatutoka wakati huo.

"Fundi," akasema, "nimekuletea viatu vyako."

Ndivyo hivyo vilivyo ukutani, juu ya kichwa chako, kijana. Vimekauka, vimepinda mpindo wa madigadi, matundu yamepanuka. Usiku ule vilipofika nilijaribu kuvivaa, mke wangu akiwa shahidi. Havikuingia. Vimeshakuwa vya gari.

Haya. Nenda kamwite yule mwenye pikapu pale kwenye benchi, mwambie apande nyuma, na wewe kapande, na wenzako wote wapande. Mkishajaa, nipeni kisu na sabuni.